Komeo la Nje na Picha ya Ubongo Wangu

Mimi ni Mwamini wa mji wa Kasongo, Kongo, mama wa Aziza, muuza mchele. Kabla ya kuugua nilikuwa naupeleka mchele Salamabila, kwa wachimba dhahabu, nikiwa nyuma ya pikipiki ya kaka yangu Idi. Barabara ile ilinivunja mgongo, lakini mdomo haikuuweza. Wateja wangu wote niliwajua kwa majina, na watoto wao pia. Nasema haya ili mjue ni kichwa cha namna gani kilichokuja kuharibika.

Ugonjwa ulianzia vidoleni. Asubuhi vilikuwa vimevimba, hata kitenge sikuweza kufunga. Kisha vikaja vidonda mdomoni, na nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Mashavu na pua vikawa vyekundu. Wanawake wa sokoni wakanitania: "Mwamini, ile kreme ya kujichubua imekuunguza." Nilikasirika. Ngozi yangu nyeusi naipenda, na sijawahi kuipaka kitu ila mafuta.

Kisha mume wangu akafa. Nikakaa eda kwa mama mkwe wangu, Bibi Salima, kama inavyotupasa sisi Waislamu: ndani, pazia limeshushwa. Nililia sana, lakini uso ukapona na vidole vikalegea. Eda ilipokwisha, wanawake waliniogesha, wakanivika kitenge kipya, wakanikalisha uani ili watu waje kunisalimu. Nilikaa juani mpaka adhuhuri, nimefurahi kama kuku aliyefunguliwa. Jioni mashavu yaliwaka, homa ikaniangusha.

Bibi Salima alinitazama mashavu. "Marehemu hajamuachilia," alisema. "Mumurudishe mu nyumba."

Wakanirudisha, na hapo ndipo niliponaswa, kwa sababu ndani uso ulipona tena. Kila waliponitoa niliungua, kila waliponifungia nilipata nafuu. Nani angebishana nao? Hata mimi niliamini. Bibi Salima hakuwa mtu mbaya. Aliniletea chakula kwa mkono wake mwenyewe, kisha akafunga komeo kwa nje, ili marehemu asinivute.

Ngozi ilipotulia, kichwa kikaanza. Nilipotea katikati ya swala. Siku moja Aziza aliletwa kunisalimu, nikamtazama, mtoto niliyemzaa, nikatafuta jina lake nisilipate. Alisimama pale akisubiri niliseme. Nikaanza kumsikia mume wangu nyuma ya ukuta, nami nikawa namjibu. Nilijua hayupo, na bado nilimjibu. Niliogopa sana. Mlango unaweza kuvunjwa, lakini ndani ya kichwa changu ningetokea wapi?

Nikamsikia Bibi Salima sebuleni akisema na ndugu za mume wangu: "Mama mwenye kusema na maiti hawezi kulea mutoto. Aziza ataenda Wamaza kwa baba yake mudogo." Nilipiga mlango kwa ngumi zote mbili. Walidhani marehemu ndiye anayepiga.

Idi alifika siku niliyoanguka nikatetemeka mwili mzima, nikauma ulimi na kujikojolea. Hakuomba ruhusa. "Dada yangu iko mugonjwa," alisema. "Namupeleka hospitali. Kama ni mashetani, munganga wa kule atatuambia."

"Na kama munganga hataona kitu," Bibi Salima akamjibu, "mutoto anaenda Wamaza."

Idi akakubali, angefanya nini? Akanifunga mgongoni kwake kwa kitenge, akawasha pikipiki.

Daktari wa Kasongo aliniuliza, "Mama, uso inaungua wakati gani?"

"Nikitoka inje."

"Fasi ya jua, kule jua inapiga?"

Miezi yote ile hakuna mtu aliyeniuliza habari ya jua. Mkojo wangu ulikuwa na povu, naye akaangalia povu, vidole na mdomo. Alisema anashuku lupus, ugonjwa ambao askari wa mwili wanaupiga mwili wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Alitaka damu ipimwe Kinshasa, na ubongo upigwe picha kwa mashine wanayoiita IRM, kwa maana lupus inaweza kuingia kichwani polepole. Idi akauza pikipiki yake, tukaenda Kindu kupanda ndege.

Kumbe na ndani ya IRM ya Kinshasa ni kufungiwa. Wanakulaza, wanabana kichwa, wanakusukuma ndani ya bomba jembamba, na vishindo vyake ni kama wachimbaji wanaponda mawe sikioni mwako. Niliwaza: picha ikitoka safi, basi mimi ni kichaa, na Aziza ameondoka. Mwanamke wa mashine alikuwa amenipa kipira mkononi, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kubahatisha: "Ukishindwa, finya, tunakutoa." Nilikishika kipira kile mpaka mwisho bila kukifinya. Tangu nianze kufungiwa, ndiyo mara ya kwanza niliyoachiwa ufunguo.

Daktari alituonyesha madoa madogo meupe. Alisema kwa Kifaransa, Idi akanitafsiria: "Picha peke yake haitoshi kusema ni lupus. Damu na mukojo vimesema. Picha inaonyesha imeanza kugusa ubongo. Iko mapema bado." Nikalia. Idi alidhani nimekata tamaa, kumbe nilikuwa nalia kwa furaha ya kuwa mgonjwa.

Vidonge vya kortizoni vilinivimbisha uso kama andazi, na njaa ikanishika usiku na mchana. Lakini degedege liliisha, na mume wangu akanyamaza nyuma ya ukuta. Niseme kweli, nilimkumbuka.

Tuliporudi, Bibi Salima aliinua picha dirishani, juu chini. Akagusa doa moja. "Huyu ndiye marehemu?"

"Hapana, mama. Huo ni ugonjwa. Marehemu amelala."

Akairudisha picha, akatoka.

Namshukuru Mungu, na Idi, na daktari aliyeuliza habari ya jua. Wewe unayeungua uso, unayevimba vidole, na kichwa kinaanza kukukimbia, usingoje uanguke. Sema yote hospitali, hata sauti unazozisikia. Mimi sijapona kabisa. Dawa nameza kila siku, na jua bado ni adui yangu, kwa hiyo mchana nakaa ndani nauza mchele dirishani.

Ila asubuhi ya pili baada ya kurudi, Bibi Salima alimleta seremala. Aling'oa komeo la nje, akalipigilia ndani. "Utafungua wewe mwenyewe," mama mkwe akaniambia, macho yakiwa chini. Basi jioni jua likilegea navuta komeo, natoka uani, na namwita Aziza kwa jina lake.