Mbuzi wa Mheshimiwa

Baba yangu alikuwa na vitu viwili vilivyomvimbisha kichwa: majaruba yake ya mpunga, ambayo ukisimama mwanzo huoni mwisho, na kiti chake bungeni. Kijijini kwetu Ushirombo walimwita Mheshimiwa hata alipoenda kununua chumvi. Alipokuwa Dodoma, mimi binti yake mkubwa ndiye niliyesimamia shamba, na sikuwa mpole hata kidogo.

Mwaka mmoja jirani yetu wa mpakani alifariki, mpunga ukiwa umeiva. Baba akatuma gari na magunia ya mchele pamoja na barua ya rambirambi yenye muhuri. Mwenyewe hakuja. Nilimpigia simu. "Baba, msiba huku ni kuchimba kaburi na kubeba kuni. Mchele wanao." Akacheka, akasema ana kikao.

Baada ya mazishi vibarua wetu hawakutokea. Nikiwasalimu "Mwangaluka" njiani, watu wanageuza shingo. Dagashida, mkutano wa kijiji, ulikuwa umetutenga mpaka baba aje mwenyewe kutozwa mchenya, yaani faini ya kuukimbia msiba. Ndege wakajilia mpunga wetu bila wa kuwafukuza. Nililia kwa hasira, kisha nikampigia tena. Safari hii hakucheka.

Alikuja na suti. Watu wameketi chini uwanja wa shule, yeye akasimama, akakohoa, akaanza: "Mheshimiwa Spika..." Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Mjane wa jirani peke yake ndiye aliyetulia.

"Mheshimiwa, kaa chini," alisema. "Mume wangu ndiye aliyekushikia kamba ulipopima jaruba lako la kwanza. Hakutuma gari. Alikuja kwa miguu."

Baba akakaa kwenye vumbi na suti yake. "Nimekosa," akasema. Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo, nyumbani wala redioni.

Mchenya ulikuwa mbuzi mmoja, akaliwa palepale, na kuni za kumchomea alitumwa baba. Alirudi na mzigo kichwani, koti limechanika kwapani, anacheka kuliko wote. Nilimpenda sana siku ile.

Asubuhi iliyofuata majaruba yalijaa watu na nyimbo, mjane akiwa mbele na mundu wake. Baba alifunga matita kutwa nzima. Jioni nilimtafuta nimpe uji, nikamkuta kando ya kaburi la jirani, matope mpaka magotini.

"Nimekuja kwa miguu, ndugu yangu," alikuwa akisema.