Kaka Alikuja na Daftari

Kaka yangu mkubwa alishuka kwenye basi pale steji ya Eldoret amevaa makoti mawili, na neno lake la kwanza halikuwa salamu. "Hii Timboroa mnayopita ni mji au ni friji?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikamrukia shingoni mbele za watu bila aibu. Miaka minne sikuwa nimemwona ndugu wa damu.

Furaha ile haikufika usiku. Tulipomaliza kula alinawa mikono, akatoa ujumbe wa mama kutoka kwetu Singida: asirudi bila wajukuu. Yaani wanangu wawili, wa miaka minane na mitano. Mama alikuwa ameona kwenye runinga nyumba za Eldoret zikiungua wakati wa zile vurugu za uchaguzi, na ingawa mwaka ulikuwa umepita na ushee, moyo wake haukutulia. Mume wangu ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo, kazi ndiyo iliyotuleta Kenya, na kazi ilikuwa bado ipo. Kwa hiyo sisi wakubwa tubaki, watoto waende.

"Siwatoi," nikasema.

"Mdogo wangu, taratibu. Kesho nipeleke kwa balozi wenu nimuulize hali ya usalama. Akinihakikishia, narudi mikono mitupu."

Hapo nilijua nimekwisha. Kwetu Tanzania kila nyumba kumi zina balozi wake, na mgeni akifika hupelekwa kwake akaandikwe daftarini. Kaka mwenyewe ni balozi, na ubalozi umemwingia mpaka kwenye mifupa. Nikamwambia huku hakuna balozi. Akanitazama kana kwamba nimesema huku hakuna maji. "Sasa mgeni anajulikana na nani?"

Asubuhi nikiwa namenya viazi, nikamwona anatoka nje, daftari kwapani, kalamu sikioni. Ploti yetu ya nyumba za kupanga pale mtaa wa Huruma ilikuwa na milango kumi na miwili iliyozunguka bomba moja, na yeye anaelekea mlango wa jirani. Jamani! Nilitupa kisu nikakimbia na viatu nisivae.

Nilikuwa na sababu. Tangu vurugu zile, katika ploti yetu hakuna aliyemuuliza mwenzake jina. Jina hutaja kabila, na watu walikuwa wamechomewa nyumba kwa sababu ya kabila. Sisi wageni tulijifungia ndani siku nne, tukatoka wazima. Mama Duka, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Kenya ya kati, hakuwa na bahati hiyo. Duka lake liliteketea, akalala kambini miezi, akarudi na godoro moja. Mlango wake ulitazamana na wa Mama Maziwa, mwenyeji wa huku huku. Mama Maziwa hakumchomea mtu kitu, ila siku ile duka linaungua hakutoka nje. Zamani walikuwa wakisukana nywele. Sasa waliteka maji kila mmoja akiangalia ndoo yake, hata salamu hakuna.

Nilipomfikia kaka, Mama Duka alikuwa ameziba mlango kwa mwili wake. "Unaandika majina ya nini?" aliuliza. Nyuma yangu nilisikia milango ikifungwa.

"Kaka, funga hilo daftari!" nikafoka. "Unataka kututoa roho?"

Masikini, alishangaa kweli kweli. "Majina yao ya nini? Si mimi ndiye mgeni?" Akamnyooshea Mama Duka kalamu. "Niandike, mama. Andika nimetoka Singida, nimefikia kwa dada yangu, naondoka Jumatatu. Nikifia hapa mjue wa kumwita."

"Ati mimi ndio nikuandike?"

"Wewe. Leo wewe ndiye balozi."

Mama Duka aliguna, kisha akaangua kicheko, cha kwanza kukisikia kwake tangu atoke kambini. Akamwandika. Kaka akaenda mlango wa pili, wa tatu, akaandikwa upya kila mahali, huku akinung'unika kwamba nyumba mbili zimezidi. Mama Maziwa alimwandika kwa herufi kubwa, akamtilia mursik, yale maziwa lala ya kibuyu yenye majivu. Kaka akamaliza kikombe akaomba kingine, na uso hakuukunja.

Jumapili baada ya kanisa akaitisha mkutano bombani. Nani huitisha mkutano kwenye ploti ya watu? Mgeni huyo! Nilitamani ardhi inimeze. Lakini walitoka wote, kila mtu na kigoda chake, maana mgeni uliyemwandika kwa mkono wako utamkataliaje?

Hakuwahubiria amani. Angehubiri wangemwacha na bomba. Aliwasimamisha wanangu mbele yake. "Ndugu zangu, nimetumwa niwachukue hawa. Nina swali moja tu. Wazazi wao wako kazini, na vurugu zimeanza tena. Watoto hawa wanakimbilia mlango gani?"

Kila mtu akaangalia chini. Nilimshika mume wangu mkono nikasema moyoni, basi, wanangu wameenda.

"Kwangu."

Sauti zilikuwa mbili. Mama Duka na Mama Maziwa wakatazamana, na nilidhani mmoja ataondoka.

"Kwako?" akasema Mama Maziwa. "Na hiyo mguu yako mbaya, utakimbia na watoto wapi? Watakuja kwangu!"

"Ng'o! Kwako hata mlango haifungi. Nilikuambia urekebishe hiyo komeo, ukanyamaza."

"Ulinyamaza wewe! Mwaka mzima unanipita kama mti!"

"Na wewe si ungebisha? Nilikuwa tu hapo!"

Mama Maziwa akashusha sauti. "Niliogopa," akasema. "Haki, niliogopa."

Mama Duka akasogeza kigoda chake. "Kaa basi," akamwambia. "Lakini watoto ni wangu."

Jumatatu kaka alirudi Singida peke yake. Wale wawili walimsindikiza hadi steji wakizozana njia nzima juu ya nani atakaa na wanangu, na mimi nikawafuata nyuma, mtoto huku na mtoto huku, natembea kifua mbele.