Siku Bwana Afya Alipotutaja Waosha Maiti

Mama yangu alikuwa mwosha maiti. Mwanamke wa Kiislamu akifariki Shanwe au mitaa ya jirani, mtu alitumwa kwetu kabla hata sanda haijanunuliwa, naye mama aliacha alichokuwa akifanya, akatwaa kikapu chake cha pamba, sabuni na karafuu maiti, akaenda. Kazi hiyo aliipokea kwa mama yake, aliyekuja Mpanda kutoka Ujiji akimfuata mume mfanyabiashara. Nami nilipomaliza kidato cha sita, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikawa nyumbani nikisubiri majibu ya chuo kikuu, akanikabidhi hatua ya kwanza ya kazi hiyo, ambayo ni kumimina maji.

Watu hudhani kumimina maji ni kazi ya yeyote mwenye mkono. Anayemimina huufuata mkono wa mwosha bila kuambiwa. Maji yasikatike, yasifurike, yasimrukie mtu, na macho yake yasitembee mahali yasipohitajika. Nilijifunza kwa kukaripiwa. Siku nilipoimudu kazi, mama alisema mara moja tu, "Sasa una mkono," na sifa hiyo niliithamini kuliko alama zangu za mtihani, ambazo nazo hazikuwa mbaya.

Tulijiona watu safi kuliko wote mjini. Nakiri hilo bila kupunguza neno. Kucha zetu zilikatwa kila Ijumaa, khanga zetu za kazi zilichemshwa peke yake, na mama hakukubali kuketi katika nyumba yenye mtungi wa maji usiofunikwa. Mgeni akiingia kwetu, mama aliitazama kwanza mikono yake, kisha ndipo alipomtazama usoni.

Kwa hiyo kipindupindu kilipoingia wilayani, mwaka ule wa mvua kubwa zilizoikata barabara ya Ikola, tulijua mapema nani wa kulaumiwa. Redio ilisema ni janga lile lile lililokuwa likizunguka mabara kwa miongo kadhaa, lakini kwetu lilikuwa na anwani za karibu zaidi. Tulisema limetoka ziwani, kwa watu wanaoanika dagaa kwenye mchanga ule ule wanapojisaidia. Tulisema limetoka kwa wafugaji wa upande wa Kasansa, wanaochota maji dimbwi moja na ng'ombe wao. Mimi niliyesoma baiolojia, niliyeweza kukichora kimelea cha ugonjwa huo pamoja na mkia wake, niliyasema hayo kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Bwana afya aliitisha mkutano mbele ya ofisi ya mtaa. Alikuwa kijana Mfipa, mwembamba, amevaa mabuti ya mpira yaliyojaa tope, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alizungumza juu ya vyoo, juu ya kuchemsha maji, juu ya matunda yaliyokatwa sokoni. Tukatikisa vichwa kwa kuridhika, kama watu wanaosomewa makosa ya jirani. Kisha akafungua daftari.

"Sasa niwaambie walio kwenye hatari kubwa kuliko wote hapa mjini," alisema. "Si mama lishe. Si wavuvi. Ni wale wanaoosha maiti."

Vichwa viligeuka vyote kwa pamoja. Katika mkutano ule wanawake waosha tulikuwa wawili, mama na mimi, na kila mtu alijua tulipoketi.

Mama alisimama. "Mwanangu," alisema kwa upole ambao mimi niliuogopa, "wewe unajua mimi nanawa mara ngapi kwa siku?"

"Sijui, mama yangu. Ila najua mkimaliza kuosha mnapewa chakula."

"Tunapewa, ndiyo. Ni heshima."

"Na mnakula kwa mkono."

"Kwani wenzetu mnakula kwa mguu?"

Watu wakaangua kicheko, na bwana afya naye akatabasamu, lakini hakurudi nyuma. Alieleza kwamba maiti ya kipindupindu hubeba ugonjwa kuliko mgonjwa anavyoubeba, kwamba sabuni yetu ya kawaida haitoshi, na kwamba misiba kadhaa aliyoifuatilia vijijini ilikuwa imezaa misiba mingine kuanzia kwenye sinia la waosha. Sinia hilo lilikuwa desturi yetu. Mazishi yakiisha, waosha hutengewa chakula kabla ya mtu mwingine yeyote, na pengine hupewa pia nguo za marehemu. Sauti moja nyuma yangu ilisema, "Haya, nyie waosha, sinia la kwanza limewaponza!" Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, nacho hakikuwa chetu.

Tulirudi nyumbani. Nilikasirika kwa niaba ya mama, lakini chini ya hasira hiyo palikuwa na kitu kingine ambacho sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Niliogopa. Nilikuwa na miaka ishirini, nilikuwa na chuo kikuu mbele yangu, na kumbe kwa muda wote huo mkono niliosifiwa ulikuwa ukinipeleka mahali ambapo hata mvuvi wa Ikola hakufika. Nilifikiria kupanda treni niende Tabora kwa mama mdogo. Na kwa kuwa wanawake huoshwa na wanawake, na wanaume huoshwa na wanaume, kila asubuhi nilipofungua macho nilitamani, Mungu anisamehe, kama leo pana msiba basi awe amekufa mwanamume.

Alikufa mwanamke, na katika wanawake wote wa Mpanda akawa shoga wa mama.

Walikuwa marafiki tangu wakiwa wasichana. Mumewe alikuwa na duka la vitenge na kandili karibu na soko, na ilikuwa nadra siku kupita bila mmoja wao kuvuka barabara kumwona mwenzake. Zamani, kabla sijazaliwa, walikuwa wamepeana ahadi. Mwosha naye huoshwa, walisema, kwa hiyo atakayetangulia kati yao ataoshwa na mwenzake, na si na mkono mwingine. Yule mwanamke hakuwa mwosha, ila alijifunza kwa mama hatua zote ili zamu yake ya kuosha ikifika asishindwe. Walilitania jambo hilo mbele yetu watoto. "Wewe ukitangulia," mama alikuwa akimwambia, "hiyo miguu yako nitaisugua kwa jiwe." Mwenzake alijibu, "Na wewe domo lako nitalifunga kwa vitambaa viwili."

Aliugua asubuhi. Akapelekwa kwenye mahema ya wagonjwa waliotengwa, nyuma ya uzio, na alfajiri ya siku ya pili akawa amekwisha. Mume wake alitwambia jinsi alivyoelezwa: maiti haitatoka pale kwenda nyumbani. Itafungwa ndani ya nailoni na kupelekwa moja kwa moja kaburini na watu wa afya. Haitaoshwa.

Mama hakulia. Alifunga khanga kiunoni, akachukua kikapu, nami nikamfuata, kwa sababu kubaki nyumbani kungehitaji maelezo ambayo sikuwa nayo.

Bwana afya alitukuta kwenye uzio. Alipomwona mama alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali alilokuwa akiliogopa.

"Mama, nakuomba," alisema. "Kati ya watu wote wa mji huu, wewe ndiye ninayekuogopa kuliko vyoo."

"Nimesikia. Niliposikia mara ya kwanza nilikasirika. Leo nimekuja unieleze."

"Nikueleze nini?"

"Mimi nitakutajia ninavyoosha, tangu kufunua mpaka kukafini kwa sanda. Nikifika mahali penye hatari, niambie: hapo."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akiisimulia kazi yake kwa mwanamume, seuze kijana wa umri wangu. Aliisimulia polepole, hatua kwa hatua, macho akiyaelekeza kwenye tope. Alipofika pale ambapo mwosha huukanda tumbo kwa upole ili lililobaki litoke, kijana yule alisema, "Hapo." Alipofika kwenye shimo la kupokea maji, ambalo kwa kawaida huchimbwa uani kwa wafiwa, si mbali na kisima, akasema tena, "Hapo." Aliposema kwamba nguo hufuliwa na kugawiwa, "Hapo." Na alipotaja sinia, mama mwenyewe aliinua macho kutoka kwenye tope. Walitazamana tu.

"Basi ni mahali panne," mama alisema. "Kazi yangu ina mahali zaidi ya ishirini. Hayo manne nitayaacha, au nitayafanya utakavyo. Niachie yaliyobaki."

Kijana alitoka akaenda kuzungumza na mkubwa wake, akarudi. Akasema imamu naye ameulizwa, na amejibu kwamba kinachowezekana kwa usalama kinatosha mbele ya Mungu. Akataja masharti. Kazi ifanyike pale pale ndani ya uzio, juu ya shimo walilokwisha kulichimba na kulitia chokaa. Tumbo lisiguswe, ila njia za haja zizibwe kwa pamba iliyoloweshwa klorini. Maji yote yatiwe klorini. Nguo zichomwe. Watu wasizidi wawili, na wavae glavu, aproni na mabuti.

"Mimi na nani?" mama aliuliza, lakini alimuuliza yeye, hakunigeukia. Hata leo naamini alifanya hivyo ili kuniachia mlango wazi.

Nikasema, "Mimi namimina."

Sina hakika kama huo ulikuwa ujasiri. Huenda nilichoka tu kuwa mtu anayetamani vifo vya wanaume. Lakini nilipovaa glavu zile, zilizokuwa kubwa kwa vidole vyangu, mkono wangu uliufuata wa mama bila kuambiwa. Klorini ilituchoma macho, tukawa tunatoa machozi, na mama akapata sehemu ya kuyachanganya na yake bila mtu kuuliza. Hakuharakisha. Alipofika miguuni alikaa huko zaidi ya ilivyohitajika, akapitisha kidole kati ya kila kidole. Jiwe hakuwa nalo. Tulipomkafini, bwana afya, aliyekuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu amegeuza mgongo kwa heshima, aliuliza kama tumemaliza, mama akajibu, "Tumemaliza. Ameoshwa."

Wanaume wakazika. Ndipo ikabaki nyumba ya msiba.

Chakula kilikuwa kimekatazwa misibani, lakini wafiwa walikuwa wamekwisha kubandika masufuria tangu asubuhi. Watu wa Mpanda wa wakati ule wasingeweza kufikiria kuwaaga wageni wa kaburini kwa mikono mitupu. Aliyesimamia jiko alikuwa wifi wa marehemu, dada wa mumewe, mwanamke mwenye sauti iliyofika barabarani. Tulipoingia uani, tumeoga na kubadili nguo, sinia letu lilikuwa tayari limetengwa kwenye mkeka wa mbele, limefunikwa kawa. Bakuli la kunawia lilikuwa linazunguka kutoka mkono hadi mkono, maji yake yameshakuwa ya kijivu.

"Karibuni waosha," alisema wifi. "Mmechoka. Kaeni mle."

Mama hakukaa. Alikuwa amebeba ndoo ya maji ya klorini aliyopewa na bwana afya. Akaitua.

"Ahsante, wifi yangu. Leo hatuli."

Bakuli la kunawia likasimama lilipokuwa. Kukataa chakula cha msiba kwetu ni kusema neno zito kuliko tusi.

"Hamli? Kwenye msiba wa shoga yako?" Wifi alishika kiuno. "Ama ni wali wetu ndio wenye kipindupindu?"

"Wali wenu umeiva na una moto, sina shaka nao," mama alisema. "Mikono yetu ndiyo siwezi kuiapia."

Tangu siku ile nimekaa darasani na mikutanoni na watu wengi wenye elimu, na mimi nikiwa mmoja wao. Nimeona wengi wakigundua kwamba walikosea. Wachache mno nimewaona wakilisema hilo wakiwa wamesimama, mbele ya watu wanaowaheshimu, juu ya kitu kile kile walichoheshimiwa kwacho. Mama hakuwa amemaliza darasa la nne. Nilisimama pembeni yake na nikahisi mgongo wangu ukinyooka.

"Na bakuli hilo mlimwage," aliendelea. "Anayetaka kula aje hapa nimmiminie. Mikono yote miwili, mpaka kwenye kiwiko."

"Tangu lini mwosha akaosha wazima?"

"Tangu leo."

Hakuna aliyesogea. Kisha mama mmoja mzee aliyeketi karibu na mlango alijikongoja akaja, akakinga viganja, akanusa, akakunja uso, akarudi mkekani kwake. Akafuata mwingine. Wakaanza kupanga mstari, wakilalamika juu ya harufu, wakiulizana kama wali utalika kweli kwa mikono inayonuka hivyo. Mama aliwamiminia wote bila kuruka hata mmoja. Mtu aliyenawa kwa vidole tu alirudishwa.

Wifi alibaki amesimama kando ya masufuria, upawa mkononi, mpaka mstari ulipokwisha. Ndipo alipouweka upawa chini, akavuka ua taratibu, kila mtu akimtazama, akakunja mikono ya gauni lake na kuinyoosha mikono yake mikubwa juu ya ndoo.

"Haya, mwosha, mimina," alisema. "Ila polepole. Mimi sijafa."

"Ndiyo maana nakumiminia," mama alimjibu.