Nani Alitoa Betri Kwenye Gemu Yetu ya Malaba

Nilifungua debe la unga, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikatoa gemu yetu ya mkono. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikaigeuza mgongo: kifuniko kiko, betri hakuna. Kaka yangu Ekisa alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, na nyuma yake watoto wa plot nzima waliokuja kuona namba niliyofikisha. Betri tulizipata ndani ya redio ya Papa. Tukazirudisha, skrini ikawaka, na pale panapokaa namba kubwa ya mwisho pakaja sifuri.

"Haya bingwa," Ekisa akasema. "Iko wapi?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Mimi nimepona mengi. Nimepona kipindupindu, nimepona ndoa ya kwanza, nimepona trela iliyorudi nyuma ikabomoa jiko letu nikiwa ndani. Wote walionikosea nimewasamehe, nikaenda na kwa padri nikasema. Lakini hiyo sifuri bado iko kwa moyo wangu, na leo nitataja jina.

Nyinyi mliokulia Malaba pamoja na mimi mnakumbuka vile kulikuwa. Foleni ya matrela ilianza mpakani ikarudi nyuma mpaka karibu Amagoro, na madereva walikaa wiki mbili wakingoja karatasi. Barabara ilikuwa kijiji. Wanaume wananyoana ndevu kwa kioo cha lori, nguo zinakauka kwa bampa, na harufu ya dizeli imechanganyika na harufu ya chapati mpaka ukila chapati ya nyumbani unaona kama imekosa kitu. Sisi watoto tulicheza kati na brikicho katikati ya magurudumu. Shuleni tulivunja betri zilizokufa, tukasaga ule weusi wa ndani, tukapaka ubao wa mwalimu, halafu tunarudi nyumbani meno meusi kama tumekula makaa, kwa sababu zile betri tulizivunja na meno.

Mama yangu aliuza chai na mihogo ya kuchemsha hapo kando. Dereva mmoja wa kutoka Mombasa alishikwa na malaria akiwa kwa foleni, na Mama akamnywesha uji siku sita. Alipopona, akatoa chini ya kiti chake kitu cha rangi ya kijivu kama kipande cha sabuni ya kufulia, na vitufe vya manjano. Akasema, "Mama, hii ni ya watoto." Akawasha. Matofali madogo yakaanza kuanguka kutoka juu, unayageuza, unayapanga, mstari ukijaa unapotea. Kalipiga muziki kama mbu ameokoka. Tangu siku hiyo Mama hakuwahi kutafuta mihogo akaipata kwa wakati, maana wote waliotumwa kuimenya walikuwa nyuma ya nyumba wamezunguka gemu.

Sheria ilikuwa moja: ukikufa, unapeana. Hakuna kulia, hakuna "nilisukumwa". Tulikuwa watoto kumi na wanne na roho moja moja. Ungeona mtu anacheza, mgongo umejikunja, ulimi umetoka nje, na watoto kumi na watatu wanahema kwa masikio yake, "Geuza! Geuza! Weka kando wewe!" Mpaka juzi msichana wangu Asere alicheza kwa simu peke yake kitandani. Akikufa, anaangalia tangazo la sabuni, anafufuka. Nikamuuliza, sasa wewe unaogopa nini? Akasema, "Mama, naogopa bando iishe."

Betri ndiyo ilikuwa taabu. Zile ndogo mbili za gemu ndizo hizo hizo za redio ya Papa. Zikichoka tunazianika kwa bati juani pamoja na omena, tunazigeuza upande upande kama omena wenyewe, jioni zinaamka kidogo. Mama alikuwa na neno lake: "Betri ni ya nyumba, si ya mtu." Papa alikuwa na la kwake: "Mnaweza kucheza, lakini saa saba mchana nataka kujua nani amekufa." Maana saa saba redio ilisoma matangazo ya vifo, na Papa hakuwahi kuyakosa, hata yale ya watu wa mbali ambao hakuwajua. Lakini kama mnakumbuka hizo gemu, ukitoa betri inasahau kila kitu. Namba kubwa inayoandikwa kwa kona inakuwa sifuri. Kwa hivyo, namba ya mtu ikiwa kubwa, betri haziguswi mpaka wote waone. Hiyo ilikuwa sheria ya pili, na aliyeitunga ni Ekisa mwenyewe, kwa sababu namba ya kona ilikuwa yake.

Sasa sikieni. Mwaka huo mimi nilitolewa shule darasa la sita. Papa alisema karo inatosha mtoto mmoja. Ekisa akabaki na madaftari, mimi nikapewa sufuria ya mihogo. Sikulia. Wasichana wengi walikuwa hivyo. Lakini ukiuza chai kuna nafasi kati ya saa nne na saa sita, madereva wamelala, na gemu iko bure kwa sababu wengine wote wako darasani. Nilicheza. Vidole vilijua njia kabla ya macho. Jumamosi moja Ekisa ametumwa kusaga mahindi, nikakaa nyuma ya nyumba na Tata, nyanya yetu, akichambua mtama, na nikapita namba yake. Nikaipita mbali. Elfu sitini na mbili na mia nne. Nikapiga kelele, Tata akaangusha ungo.

"Tata, ona! Soma!"

Akasogeza gemu karibu na jicho lake moja zuri. "Naona vitu vingi," akasema. "Vimejaa mpaka mlangoni."

Huyo ndiye shahidi wangu, na hakujua kusoma namba. Nikaificha gemu ndani ya debe la unga, betri zikiwa ndani, nikakimbia kuita watoto. Mnajua yaliyofuata.

Papa aliulizwa. Akasema, "Mimi nilikuta redio inaongea, nikaketi." Papa hakuwa mtu wa kudanganya. Mama alikuwa kwa foleni na chai. Ekisa akasema yeye ndiyo kwanza anafika kutoka kwa mashine. Nikamwonyesha kiwiko chake: "Na huo unga?"

"Nimetoka kusaga, ulitaka nirudi na makaa?"

Watoto wakaona amenimaliza. Lakini nyinyi mliolelewa kwa Wateso, fikirini na mimi. Ekisa alitumwa kusaga mahindi meupe ya wageni wa Jumapili. Debe la nyumbani lilikuwa na unga wetu wa kila siku, muhogo na mtama, ule mwekundu. Na kiwiko cha Ekisa kilikuwa chekundu. Nilisema. Hakuna aliyesikiliza msichana wa mihogo.

Nilinyamaza miaka thelathini. Halafu Pasaka iliyopita tulikutana kwa Ekisa, Adungosi. Siku hizi ni mwalimu mkuu, anazungumza polepole kama mtu anayeandikwa. Watoto wamekula, wameshiba, akaanza kuwaambia habari za gemu. Nilicheka, nilifurahi kweli, mpaka akasema, "Na hapo Malaba hakuna mtu aliyewahi kunipita. Hata mmoja." Asere akanigeukia: "Mama, hata wewe?"

Wiki iliyofuata nilipanda gari mpaka Busia, nikaenda kwa kibanda cha Nabwire anayeuza vifaa vya simu karibu na soko. Nikamwambia nataka gemu ya mkono, ya zamani.

"Unanunulia mtoto, mama?"

"Mimi ndiye mtoto."

Alinipangia mezani. Ya kwanza ilikuwa pana kama sahani, kioo kinang'aa. "Hii iko na michezo elfu kumi," akasema. Nikamwambia nina miaka arobaini na tano, nitamaliza lini, na ninautaka mmoja tu. Ya pili ilikuwa ndogo ya kuning'iniza kwa funguo. Kidole changu gumba kilifunika vitufe vinne kwa mara moja. Miaka ya kukanda chapati haitoki. Halafu akatoa mbili za kusimama wima, za kijivu, vitufe vinalia tak tak kama vile vya kwetu. Nilizishika moja kila mkono, nikawa kama nimeshikwa na watu ninaowajua.

"Chukua hii ya kushoto," Nabwire akasema. "Ni nzuri sana, betri inatoka. Ikichoka unaweka ingine."

"Inatoka?"

"Hivi tu, kwa kucha."

"Iondoe mbele yangu."

Akanitazama kama nimeona nyoka. "Na hii ya kulia betri imefungwa ndani na skrubu, mama. Mpaka umpelekee fundi. Watu hawaipendi."

"Nikiizima, namba yangu inabaki?"

"Jaribu."

Nikacheza hapo hapo nimesimama. Nikapata elfu tatu na kitu, nikazima, nikahesabu mpaka ishirini, nikawasha. Iko. Nikazima tena. Iko! Nilipiga kelele mpaka mama mmoja wa Uganda aliyebeba matoke akasimama. "Nnyabo, umeshinda nini?" Nikamwambia bado, lakini ninakaribia. Tukacheka wote watatu, na Nabwire akaomba zamu. Akakufa haraka sana. Nikamwambia, ukikufa, unapeana.

Tangu hapo kwangu kumerudi kelele. Asere ameacha simu, watoto wa jirani wanakuja, wanahema kwa masikio yangu, "Geuza, shosho, geuza!" Nyanya mimi! Ni tamu kama zamani, ila nusu. Wale kumi na watatu hawako, wengine wako Kampala, wengine wako udongoni. Tata hayuko. Papa naye alitangazwa kwa redio saa saba, kwa betri mpya. Foleni siku hizi inasonga, hakuna dereva anayekaa mpaka augue. Na hii gemu inakumbuka kila kitu, lakini hiyo Jumamosi haikuwepo.

Kwa hivyo Ekisa, najua watakusomea hii. Shule ulipewa wewe, na shamba ulipewa wewe, na sikuhesabu. Hiyo namba ndicho kitu pekee nilichokupita nacho, na uliifuta kabla watu waione. Njoo Krismasi, mbele ya watoto wako na wangu, ucheze na mimi. Ukinishinda, nitakushangilia. Lakini kabla ya kushika gemu, utasimama uwaambie: betri ulitoa wewe, au hukutoa? Sitaki hotuba. Sema ndiyo au hapana, na useme kwa sauti ya mwalimu, wa nyuma wasikie.