Mchezo Usio na Mshindi

Wakati wa vita vya pili vya Kongo, Beni ilipokuwa mikononi mwa waasi, nilikuwa mwalimu wa kike wa shule ya msingi na nilikuwa natafuta duka la michezo. Nikisimulia hivyo leo watu wanacheka, na siwalaumu. Wenzangu walitafuta chumvi, dawa ya malaria, ndugu waliopotea. Mimi nilizunguka nikiuliza kama kuna mchezo wa kusimulia, ule wenye kitabu na dadu za pande nyingi.

Mchezo wa kwanza hatukuununua. Mzungu mmoja aliyefundisha sekondari aliondoka mjini na mfuko mmoja tu, vitu vingine akamwachia mpishi wake, na mke wa mpishi akamletea mama yangu sanduku la karatasi ngumu ili awekee nyuzi za cherehani. Mama alilimwaga mezani. Ndani kulikuwa na kitabu cha sheria kwa Kifaransa, kijitabu chenye visa vitatu, na dadu za ajabu, mojawapo ikiwa na pande ishirini, karibu iwe mviringo. Mama akachukua sanduku, mimi nikachukua yaliyobaki.

Nilikisoma kile kitabu kwa sababu sikuwa na kingine. Mchezo wenyewe ni rahisi. Mmoja anaongoza: anawaambia wenzake wako wapi na wanaona nini, labda msitu, labda mlango uliofungwa, kisha anauliza, mnafanya nini? Kila mmoja anasema atakachofanya, na dadu inaamua kama ameweza. Ubao hakuna, na hakuna wa kumfunga mwenzake. Jirani yetu, dereva wa lori, Mwislamu wa makamo ambaye lori lake lilikaa siku nyingi bila safari kwa sababu ya barabara, alikubali kucheza ili asigombane na wake zake.

Dereva huyo aliucheza kwa namna ambayo sidhani waliotunga mchezo waliifikiria. Katika kisa cha kwanza kuna jitu linalolinda daraja, na kitabu kinataka liuawe kwa upanga. Dereva hakuugusa upanga. Alishuka kwenye farasi wake, akavua kofia, akaliambia jitu, “Shefu, kazi iko aje? Batoto beko aje?” Nilimwonyesha sheria. Akanijibu kwa upole kwamba yeye amepita bariere, vile vizuizi vya askari barabarani, nyingi kuliko mtu aliyeandika kitabu, na hajaona hata moja inayopitwa kwa upanga. Akalipa jitu sigara mbili na kuku, akapita. Nilikasirika, maana mimi ni mtu wa kufuata kitabu, lakini dadu ilimkubalia.

Hapo ndipo mdogo wangu aliposema.

Nimweleze kwanza. Alikuwa kijana wa sekondari alipopanda gari la askari pamoja na wenzake, katika vita vya kwanza, wakaenda wakipigana hadi Kinshasa. Alirudi peke yake, kwa miguu kutoka upande wa Oicha, na tangu arudi hakuwa amesema neno. Ukimwuliza kama atakula, anatikisa kichwa. Ukimwuliza alikuwa wapi, anaondoka. Mama alimpeleka kwa padri, akampeleka hospitali, na kote walisema tusubiri. Alikuwa akikaa barazani kumenya mihogo huku sisi tukicheza, mgongo ameuelekeza kwetu. Dereva alipokuwa akilibembeleza lile jitu, mdogo wangu akasema bila kugeuka, “Usimuangalie mu macho.”

Kisu changu cha kuchongea penseli kilianguka. Dereva, Mungu ambariki, hakushtuka. Alisema tu, “Sawa, simuangalie,” kana kwamba walikuwa wakizungumza tangu asubuhi.

Tukampa mhusika wake, msafiri mwenye upinde, na kuanzia siku hiyo akawa anasema, lakini ndani ya mchezo tu. Mchezo ukikunjwa, na yeye anakunja kinywa. Mama aliacha kushona akasimama mlangoni kusikiliza sauti ya mtoto wake akimwomba mchawi njia. Kisha akaniambia, “Usiache hii muchezo iishe. Umesikia? Isiishe.”

Tatizo ni kwamba ulikuwa unaisha. Kijitabu kilikuwa na visa vitatu, na sisi tulikichukulia kama vitabu vya shule: ukimaliza cha darasa la tatu, unatafuta cha darasa la nne. Haikutupitia akilini kwamba mtu anaweza kutunga cha kwake. Wanafunzi wangu walikariri, nami nilikuwa nimefundishwa kwa kukariri. Kisa cha tatu kilipofika katikati nikaanza kuwapunguzia kurasa, leo chumba kimoja, kesho ngazi tu, nami kila siku nikiona mdogo wangu anakaribia mlango wa mwisho wa kisa, ambao nyuma yake hakukuwa na kitu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa risasi.

Pale Beni duka la vifaa vya shule lilikuwa na ludo na domino, basi. Dereva alipopata mzigo wa kupeleka Butembo nikapanda naye.

Butembo wakati ule, vita au si vita, ilikuwa na kila kitu. Wafanyabiashara wake walikwenda Dubai kama sisi tunavyokwenda sokoni, na mali yao ikapanda kupitia Kasindi, mpakani na Uganda. Katika duka la kwanza, kati ya pampu za baiskeli na vitenge, nilikuta karata na dama. Nikamweleza mwenye duka ninachotaka. Alinisikiliza kwa umakini wa mtu anayenusa biashara.

“Na hii muchezo, nani anashinda?”

“Hakuna mwenye anashinda, papa.”

“Na inaisha wakati gani?”

“Haiishe.”

Akanitazama kwa huruma. “Madamu, mutu wa Butembo hawezi kucheza kitu yenye haina faida.”

Duka la pili walinipa kamari ya sarafu. La tatu lilikuwa la mama mmoja karibu na soko kuu, na hilo, kusema kweli, lingekuwa duka zuri la michezo popote duniani. Alikuwa na rafu nzima: sataranji iliyokosa farasi mmoja na kupewa kizibo cha soda badala yake, mafumbo ya picha, dadu kwenye kopo la maziwa, vibao vya michezo ambayo hata yeye hakujua inachezwaje. Na chini kabisa, ndani ya nailoni, sanduku lenye picha ya joka na watu wenye panga.

Maandishi ya juu hayakuwa Kifaransa. Nikaomba lifunguliwe nione ndani. Mama yule akaweka mkono juu ya sanduku. Mali ya Butembo huuzwa kama ilivyofungwa ilikotoka; ikishafunguliwa imekuwa ya mtu.

“Ukifungua, ni yako. Usipofungua, ni yangu. Choisir, uchague.”

Nikalinunua vilevile limefungwa, nikalibeba mapajani njia nzima.

Kwenye kizuizi cha askari, katikati ya njia, tulishushwa. Askari alikata ile nailoni kwa kisu. Kitabu akakitupa pembeni. Kisha akakunjua ramani kubwa, nzuri, yenye milima, mito, minara, na kila mahali namba, akamwita mkubwa wake.

“Hii ni carte ya wapi?”

“Hakuna fasi kama hii, shefu. Ni muchezo.”

“Hakuna fasi? Lakini milima iko. Mayi iko. Namba iko. Nani alikutuma?”

Nilisema mimi ni mwalimu. Akasema walimu ndio wapelelezi wazuri. Walinikalisha chini kando ya barabara, na kusema ukweli nilianza kumwaza mama akibaki na watoto wawili wasiosema. Dereva akavua kofia. Akauliza habari za kazi, habari za watoto, na huko kwao alikuwa akisali wapi. Mkubwa akakuna shingo. “Papa chauffeur, na madesu ya bana?” Dereva alijua kwamba hayo “maharagwe ya watoto” ni hongo, akatoa sigara na mkungu wa ndizi uliokuwa wa wake zake. Tukaachiwa, nami nikaokota kitabu na sanduku. Ramani walibaki nayo, na huenda mpaka leo kuna afisa mstaafu anayeitafuta ile minara.

Tulifika jua likiwa bado juu. Nikalifungua sanduku barazani mbele ya mama na mdogo wangu. Kitabu kilikuwa kinene, kwa lugha ambayo baadaye padri alisema ni Kijerumani. Nilijaribu ukurasa mmoja, nikajaribu mwingine. Mama alisubiri. Nikamwambia, “Mama, siwezi kuisoma,” nikalia, mwalimu mzima, mbele ya jirani. Mama alirudi ndani kwenye cherehani yake, na nikasikia gurudumu likianza.

Mdogo wangu alikuwa ameinua kifuniko cha sanduku, ambacho pembeni kilikuwa na picha ndogo ya ramani.

“Carte iko wapi?”

Hatukuwa tukicheza, naye alikuwa ameuliza. Nilijifuta uso polepole nisimshtue.

“Maaskari balichukua.”

“Bariere gani?”

Nikamtajia. Akageuza kifuniko upande mweupe, akachukua mkaa kwenye jiko, akachora. Alichora barabara, kilima, mto na daraja, na kabla ya daraja mstari mfupi unaokata njia. Akakaa mahali ninapokaa mimi siku zote, akanisukumia ile dadu ya pande ishirini, akaniita yaya, yaani dada mkubwa.

“Yaya, uko mu gari. Banasema, shuka. Unafanya nini?”

“Ninashuka.”

“Mwenye anakusimamisha ni mutoto. Eko na bunduki. Anaogopa zaidi kupita wewe.”

Dereva alifungua kinywa aulize habari za watoto, akakifunga.

“Ninamuuliza jina yake,” nikasema.

Akataja jina lake mwenyewe.

Ndani, cherehani ilinyamaza. Hapakuwa na kitabu cha kunisaidia.

“Ninamuambia aache bunduki chini. Apande mu gari, turudi kwetu. Mama anamungoya.”

“Tupa dé.”

Nikatupa. Ikatoka mbili, na mbili katika mchezo ule ni kushindwa kabisa. Tuliitazama wote watatu pale juu ya barabara ya mkaa. Mama alikuwa ameshafika mlangoni.

Mdogo wangu akaiokota, akaishika kidogo, akaniwekea tena mkononi.

“Tupa tena,” akasema.