Pale Alipolala Ng'ombe

Leo asubuhi harufu ya samadi mbichi iliingia bwenini kupitia dirisha lenye kioo kilichovunjika. Wenzangu wakaziba pua. Mimi nilijifunika blanketi nikacheka peke yangu, maana harufu hiyo huisikia mpaka nyayoni.

Yalianza nilipokuwa darasa la tatu, nikiishi na Magokoro, yaani nyanya yangu mzaa baba, mlimani nje ya Birongo. Mwalimu wetu alitangaza kuwa atachagua msichana mmoja wa kukimbia siku ya michezo: yule atakayetangulia kufika mtoni na kurudi bila kutembea hata hatua moja. Nilitaka niwe mimi. Lakini sikumwambia mtu, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kuitikia jina kwa kunong'ona, na Kemunto, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa ameshasema, "Wewe Moraa? Si utakimbia umejifunika uso na gauni!"

Basi nikaamua kujizoeza alfajiri, watu wakiwa wamelala. Ulikuwa mwezi wa saba, na anayeijua baridi ya kwetu mwezi huo hahitaji kuelezwa. Umande uliuma miguu mitupu kama siafu. Siku ya kwanza nilifika kwenye ua, nikarudi kitandani. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu niliingia zizini, nikamsukuma ng'ombe wetu mwekundu mpaka akainuka akiguna, nikasimama pale alipolala. Lo! Udongo ulikuwa na joto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Nikapata nguvu, nikakimbia hadi njia panda na kurudi mbio kabla hapajapoa.

Magokoro akanikuta hapo, kibuyu cha maziwa mkononi.

"Ng'ombe amekukosea nini hata unamnyang'anya kitanda?"

Aliponibana nikamweleza yote, nikilia kidogo. Akachuchumaa, akakamua.

Jioni ile alimpeleka ng'ombe kulala kwa Nyaboke, mke mwenzake, chini ya njia panda. "Zizi letu lina tope," akasema. Nilikasirika kimoyomoyo. Lakini nyayo zilitaka joto lao, kwa hiyo kesho yake nikakimbia mpaka kwa Nyaboke. Wiki iliyofuata ng'ombe akahamia kwa baba mdogo, karibu kabisa na mto. "Kwa Nyaboke kuna kupe." Nikalifuata joto huko pia, bila kusimama njiani, maana nikichelewa ng'ombe angeinuka na pale pangepoa. Nikipanda kurudi nilikutana na Magokoro akishuka polepole, shuka kichwani. "Umemwachia ng'ombe usingizi kidogo?" alinitania.

Siku ya kuchaguliwa nilifika mtoni wa nne, nikarudi juu wa kwanza. Kemunto aliketi chini akihema. "Kumbe una miguu, na umenyamaza tu!" Mwalimu alipoita jina langu niliitikia kwa sauti mpaka mimi mwenyewe nikashtuka. Jioni hiyohiyo ng'ombe akarudi nyumbani.

Sikufikiri zaidi. Likizo iliyopita nilikuwa nikipukuchua mahindi na Nyaboke, nikamkumbusha habari za lile tope. Alicheka mpaka akaangusha gunzi.

"Tope gani, na mvua ilikuwa imekata? Na kupe gani kwangu! Nilimwambia nyanya yako, 'Wewe mwanamke, na goti hilo bovu, utashuka mlima kila alfajiri kufuata maziwa?' Akanijibu, 'Nyamaza, mtoto anakimbia.' Mimi na baba yako mdogo tukakatazwa hata kufungua mlango mpaka upite. Alisema ukiona mtu utaona haya, utaacha."

Nilidhani nakimbia peke yangu, dunia nzima imelala. Kumbe nyumba tatu zilikuwa macho, watu wamekaa gizani bila kukohoa, wakisikiliza miguu yangu ikipita.