Faili la Sauti Zilizofungwa

Marlene Perrurle ndiye mtunzaji wa hifadhidata ya sauti katika maktaba yetu hapa Alice Springs, na meza yangu inatazamana na yake. Kwa mila ya wenyeji wa hapa, mtu akifariki hatutaji jina lake, wala sauti yake haisikiki, mpaka wafiwa waseme sasa basi. Rekodi zake huhamia kwenye faili lililofungwa. Marlene alichoka kuhamisha moja moja, akaandika amri: ukiingiza jina la marehemu, kila rekodi yenye jina hilo ihame yenyewe. Wajina walio hai hakuwakumbuka.

Jumanne aliingiza jina la bibi mmoja. Sitaliandika hapa. Saa nne asubuhi diski ikajaa, kila kitu kikasimama. Bibi yule alikuwa na rekodi mbili tu! Tulipochungulia, zilizokuwa zikihama ni sauti za wajina wake walio hai, wazima wa afya, wanaokula na kunywa. Wa mwisho, aliyekwama nusu, ni binti wa Marlene, aliyepewa jina hilohilo, akiimba akiwa na miaka mitano. Nakala nyingine hakuna.

Nilimwambia atengue. Mashine ikakataa, maana hata kurudi kunataka nafasi, na nafasi ikipatikana uhamisho ulioanza ndio hutangulia. Ama aongeze faili jipya la data kwenye diski nyingine uhamisho umalizike, ama rekodi ikatike palepale.

“Nikiongeza, namfungia mwanangu na wafu kwa mkono wangu,” alisema.

“Usipoongeza, unampoteza kabisa.”

Nakiri nilikuwa na haraka. Nilitaka kazi iendelee. Akaongeza gigabaiti ishirini. Wimbo ukapita, faili la marehemu likajifunga.

Simu yake ikalia. Ni binti, lakini pumzi tu. Kisha ujumbe: “Mama, sauti imenipotea ghafla. Koo haliumi.”

Nenosiri Marlene analo, ila faili lile hufunguliwa kwa ruhusa ya wafiwa tu. Tulimpitia binti kazini, tukaenda msibani; binti akabaki garini. Marlene akaketi chini, akaeleza kosa lake lote.

Dada wa marehemu alimshika mkono. “Hatuna kinyongo nawe, mwanangu. Ila tukimwita wako kwa jina hilo, wetu ndiye atakayegeuka. Subiri tumalize matanga.”

“Mpaka lini, shangazi?”

“Labda mwakani.”

Binti alisikia yote kutoka garini. Akafungua mdomo kumwita mama yake. Mbwa wote wa pale wakainua masikio, na sisi hatukusikia kitu.